Kiwango Kipi Kinachoshushwa?
Mwandishi mmoja anadai kwamba chuo kikuu kikipokea krediti za masomo ya jumla kutoka vyuo vya jamii, kinashusha kiwango. Kiwango kipi? Huko California, sheria ya AB 928 ya mwaka 2021 ilizaa Cal-GETC, mpango mmoja wa masomo ya jumla unaotambuliwa na mifumo ya vyuo vikuu vya umma, UC na CSU, kwa walioanza chuo cha jamii kuanzia vuli ya 2025: kozi 11, yuniti 34, na kila kozi ipatiwe angalau C. Anayetaka mwanafunzi alipie tena kozi ya takwimu aliyokwisha kufaulu halindi ubora. Anamtoza mara mbili. Angelalamikia kozi za maandalizi ya fani, zinazotofautiana chuo hadi chuo, ningemuunga mkono. Huko ndiko wengi hukwama, naye hakukugusa.