Usiku wa abiria wa daraja la kawaida ni mali ya nani?

JUMAPILI jioni katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, Mkenya aliyemaliza siku tatu za matembezi hujiunga na foleni ya kuabiri ndege ya kurudi Nairobi akiwa na mkoba mmoja begani. Hoteli yake aliilipia hadi asubuhi ya siku hiyo. Usiku unaofuata hana kitanda popote, kwani ataumaliza akiwa ameketi. Mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu atatua katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), na kufikia saa mbili au saa tatu mwajiri wake atamtarajia kazini.

Wengi huichukulia safari ya namna hii kuwa ujanja wa msafiri mwenye mfuko mwembamba. Anaokoa gharama ya hoteli ya usiku mmoja. Anaokoa pia siku nzima ya likizo, jambo ambalo si dogo kwa mfanyakazi ambaye Sheria ya Ajira ya 2007 inamhakikishia siku 21 tu za kazi za mapumziko kwa mwaka.

Hata hivyo, ukichunguza ni nani hasa aliyeupanga usiku huo, utabaini kwamba abiria anayeketi nyuma ya pazia la daraja la kawaida ndiye wa mwisho kufikiriwa.

Wa kwanza kufikiriwa ni ndege yenyewe. Ndege iliyoegeshwa haiingizi hata senti, ilhali malipo ya mkopo au ya kodi yake yanaendelea. Shirika la Kenya Airways (KQ) hutegemea ndege tisa aina ya Boeing 787 kwa safari zake za masafa marefu. Mtindo uliozoeleka katika njia ya London ni ndege kuondoka Nairobi asubuhi, kutua Heathrow alasiri, kisha kugeuza jioni hiyo hiyo na kurejea Embakasi alfajiri. Kwa mpango huo, ndege moja hukamilisha mzunguko ndani ya saa 24 na huwa tayari kwa kazi nyingine asubuhi.

Isitoshe, kufika alfajiri kunalipa kwa njia nyingine. JKIA ni kitovu cha kuunganisha safari. Abiria wa London, Paris na Amsterdam wakishuka asubuhi, ndege za kuelekea Mombasa, Kisumu, Entebbe, Dar es Salaam au Lusaka huwa zinawasubiri. Wangefika saa nane usiku, wengi wangelala kwenye viti vya uwanja au kudai hoteli.

Wa pili kufikiriwa ni usingizi wa Wazungu. Jambo hili halizungumzwi sana hapa nchini, na linafaa kuzungumzwa.

Serikali ya Uingereza imeweka kikomo cha safari 5,800 kwa mwaka zinazoweza kutua au kuruka Heathrow kati ya saa tano na nusu usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Uwanja wa Frankfurt, Ujerumani, ulipigwa marufuku kuhudumia safari zilizoratibiwa kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri mnamo 2011, na mahakama ikaidhinisha marufuku hiyo 2012. Wakazi wa miji hiyo walipigania haki ya kulala kwa miaka mingi, na wakaipata.

Matokeo yake ni kwamba ndege zinazounganisha Ulaya na Afrika Mashariki lazima ziondoke kule kabla ya usiku kukomaa, au zifike kule baada ya kupambazuka. Usiku wenyewe unasukumwa kusini. JKIA hufanya kazi saa 24, na mkazi wa Embakasi au Syokimau haulizwi iwapo mngurumo wa saa tisa usiku unamkera. Kwa hakika, ndege zinazoondoka Nairobi kuelekea Ulaya karibu na saa sita usiku zina sababu ya ziada ya kupenda giza. Uwanja huu uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi. Baridi ya usiku huongeza uzito wa hewa hiyo, hivyo ndege iliyojaa mafuta na mizigo huruka kwa wepesi zaidi kuliko ingeruka kwenye joto la mchana.

Baada ya ndege na baada ya majirani wa Heathrow, ndipo linapokuja suala la kiti.

Boeing 787 ilipobuniwa, wengi walitarajia viti vinane kwa kila safu katika daraja la kawaida. Mashirika mengi, KQ ikiwemo, yalichagua tisa, yaani vitatu kila upande na vitatu katikati. Kiti kikapungua kutoka upana wa takriban inchi 18.5 hadi inchi 17 na ushei. Ndege za KQ za aina hiyo zina viti 30 vya daraja la juu vinavyokunjuka kuwa vitanda na viti 204 vya daraja la kawaida. Ukikiondoa kile kiti cha tisa katika kila safu, unaondoa zaidi ya abiria 20 katika kila safari. Hapo ndipo penye siri ya nauli ambayo msafiri wa siku tatu anaweza kuimudu, na ndipo pia panapotokea mgogoro wa viwiko vya mikono kuanzia Heathrow hadi Embakasi.

Je, kuna sheria inayosema kiti kisipungue kiasi gani? Marekani ilijaribu. Mnamo 2017, jaji Patricia Millett wa mahakama ya rufaa jijini Washington aliikosoa mamlaka ya usafiri wa ndege ya nchi hiyo kwa kupuuza malalamishi kuhusu viti vinavyopungua. Mwaka uliofuata, Bunge la Congress liliagiza mamlaka hiyo iweke kipimo cha chini kabisa katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka ulipita bila kipimo hicho kuwekwa.

Badala yake yalifanywa majaribio katika jiji la Oklahoma kati ya 2019 na 2020, ambapo watu 720 waliojitolea walipimwa kasi ya kutoka kwenye ndege ya mfano. Watoto hawakuwemo, wala wazee waliopita miaka 60, wala walemavu. Yeyote aliyewahi kuabiri ndege ya kurudi Nairobi mwezi Desemba anajua kwamba ndege isiyo na watoto wala wazee haipo. Machi 2023, mahakama hiyo hiyo ya Washington ilikataa kuilazimisha mamlaka kuchukua hatua, ikisema haijathibitishwa kwamba udogo wa viti ni hatari ya wazi inayohitaji kushughulikiwa mara moja.

Ikumbukwe kwamba sheria haijasahau usingizi wa kila mtu. Saa za kazi za marubani zina kikomo, na katika safari ndefu ndege kubwa huwa na vitanda vilivyofichwa ambamo wahudumu hupokezana kulala. Hilo ni sawa kabisa. Hakuna anayetaka rubani anayesinzia. Lakini abiria wa safari hiyo hiyo ataketi nyuma ya usukani wa gari lake saa moja baada ya kutua, na hakuna anayemuuliza alilala saa ngapi.

Kuhusu afya, hofu imekuwa ikitiwa chumvi na pia kupuuzwa. Mwaka 2000, kifo cha mwanamke wa Uingereza mwenye umri wa miaka 28, aliyezimia Heathrow baada ya safari ndefu kutoka Australia, kilizua gumzo duniani kuhusu damu kuganda katika mishipa ya miguu. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mnamo 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu kwa mtu anayesafiri akiwa ameketi kwa saa nne au zaidi. Hata hivyo, kwa jumla hatari ni ya karibu mtu mmoja kati ya 6,000, na haiwahusu wanaosafiri kwa ndege pekee. Abiria wa basi la usiku la Nairobi hadi Mombasa naye yumo.

Hewa ya ndani ya ndege nayo ina maajabu yake. Ndege nyingi za kawaida huweza kumweka abiria katika hali ya mtu aliye futi 8,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali 787 haizidi futi 6,000. Kwa mkazi wa Nairobi tofauti na nyumbani ni ndogo. Mkazi wa Mombasa anayeabiri ndege ya aina ya zamani ni kama aliyehamishiwa juu ya Nyahururu kwa usiku mmoja, tena bila blanketi la kutosha.

Saa za London na Nairobi zinatofautiana kwa mbili au tatu tu, kwa hivyo uchovu wa Jumatatu hauwezi kusingiziwa majira. Ni usingizi uliokosekana, basi. Na safari yenyewe inaweza kurefuka kwa sababu zisizo na uhusiano wowote na shirika. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 na anga ya nchi hiyo kufungwa, ndege zilizokuwa zikiipita zikienda Ulaya zililazimika kuzunguka.

Si kila aliye ndani ya ndege hiyo, bila shaka, alikuwa akitembea tu. Ada ya viza ya Schengen ilipanda hadi Euro 90 mnamo Juni 2024, na ile ya Uingereza kwa mgeni wa muda mfupi ikafika Pauni 127 mnamo Aprili 2025. Pesa hizo hazirudishwi hata ombi likikataliwa. Wengi kwenye viti vile ni wanafunzi, wauguzi na wazazi waliokwenda kuona wajukuu. Haishangazi kwamba Afrika Kusini ilipowaondolea Wakenya viza kuanzia Januari 1, 2023, Johannesburg na Cape Town ziliingia katika mipango ya watu ambao London kwao ilikuwa ndoto.

Lakini anayetoka Ulaya, kwa sababu yoyote ile, ana kitu ambacho wengi hawakijui. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Februari 2005 inamlinda kila abiria anayeondoka katika nchi za umoja huo, bila kujali ndege ni ya nani. Katika safari ya umbali wa Paris hadi Nairobi, kuchelewa kufika kwa zaidi ya saa nne kunaweza kumpa fidia ya Euro 600, mradi chanzo si jambo lililo nje ya uwezo wa shirika. Uingereza ilibaki na kanuni kama hiyo baada ya kujiondoa katika umoja huo, na fidia yake ni Pauni 520. Zote mbili zilikaribia Sh90,000 kwa viwango vya ubadilishaji vya 2025.

Ajabu ni kwamba ulinzi huo una mwelekeo. Anayeondoka Nairobi kwenda London au Paris kwa ndege ya shirika lisilo la Ulaya hana haki hiyo. Hubaki na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, na ambao unamtaka athibitishe hasara aliyoipata kabla ya kulipwa chochote. Tena hata ulinzi wa Ulaya ulitikiswa Juni 2025, mawaziri wa uchukuzi wa umoja huo walipokubaliana kutaka fidia ya safari ndefu ianze baada ya saa sita na ipungue hadi Euro 500, pendekezo lililohitaji idhini ya Bunge la Ulaya.

Kwa KQ, hesabu hizi si za nadharia. Shirika hilo lilitangaza faida ya Sh5.4 bilioni kwa mwaka wa 2024, ya kwanza katika muda wa miaka 11. Katika miezi sita ya kwanza ya 2025, likapata hasara ya takriban Sh12 bilioni baada ya ndege tatu kati ya zile tisa kukwama kwa ukosefu wa vipuri. Shirika linaloendesha safari kwa ndege sita badala ya tisa halina ya akiba. Hitilafu ya asubuhi Nairobi huwa ni kuchelewa kwa jioni London, na kuchelewa kwa London ndiko kunakolipiwa fidia. Hivyo mzunguko ule wa saa 24, unaomnyima abiria usingizi, unaweza pia kuligharimu shirika.

Abiria naye akishatua, hatima yake hugawanyika tena kwa uwezo wa mfuko. Mwenye pesa za ada hupanda Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, na kufika Westlands kabla ya chai kupoa. Asiyekuwa nazo hukaa chini yake, kwenye msongamano wa Mombasa Road, akipambana na kope zake. Anayeelekea Pwani hungoja ndege nyingine, akitafakari kilio cha wadau wa utalii wa huko ambao kwa miaka mingi wameitaka serikali ifungulie mashirika zaidi ya kigeni anga ya Mombasa.

Wakati huo, ndege iliyowaleta huwa inasafishwa na kujazwa mafuta. Mwendo wa saa tatu asubuhi, abiria wengine 204 wa daraja la kawaida huketi kwenye viti vile vile kuelekea London, wengi wao wasijue kwamba wakicheleweshwa siku hiyo hawatadai zile Sh90,000.