Kiingereza kianzie jikoni, na watoto wa kiume wawepo

Kindu, Maniema – Mwanafunzi wa sekondari hapa mjini anaweza kusimama mbele ya darasa na kutaja nyakati zote za kitenzi cha Kiingereza, uliopita, uliopo na ujao, kisha akashindwa kumwambia mgeni kwamba chungu kinaungua. Amefundishwa kuuliza njia ya kwenda kituo cha treni. Neno la ufagio hana. Neno la ndoo hana. Na ufagio na ndoo ndivyo anavyovishika kila siku ya Mungu kabla ya kwenda shule.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini kwa familia zilizokimbia vita na sasa zinaishi kwa wenyeji, Kasuku, Mikelenge na hata Alunguli ng'ambo ya Lualaba, si dogo. Wengi wana ndugu waliovuka mpaka, wako kambi za Nakivale au Kyangwali kule Uganda, au Meheba huko Zambia. Kote huko shule ni ya Kiingereza. Mtoto aliyefika darasa la sita kwa Kifaransa hurudishwa nyuma kwa sababu ya lugha tu, akakaa na wadogo zake. Kwa hiyo wamama wanaotafuta kujifunza maneno mawili matatu hawachezi. Shida ni kwamba wanaanzishwa mahali pasipo pao, kwenye sarufi, na baada ya majuma machache wanaacha wakisema kichwa kimekuwa kigumu.

Kichwa hakina ubaya. Mama anayejua kazi ana nusu ya somo tayari. Tuseme nguo. Kiswahili kina maneno mengi hapa: nguo zinafuliwa, au kufulwa kama wengi wanavyosema Kindu, vyombo vinaoshwa, mikono inanawishwa, mtoto anaogeshwa. Kiingereza kinaweza kutumia neno moja kwa yote hayo, «wash», linalotamkwa wosh. Yaani mtu aliyezoea kuchagua kati ya maneno manne anaambiwa hapa apumzike, moja linatosha. Kisha kusuuza ni «rinse», kuanika ni «hang», kukunja ni «fold». Kupiga pasi ni «iron», na sikio lisitafute ile r, inasikika aian. Neno hilohilo ni chuma, sawasawa na Kifaransa kinavyosema «fer» kwa chuma na kwa pasi. Aliyepita shule ya Kifaransa hawezi kulisahau tena.

Kuna pia mitego. Kutandika kitanda kwa Kiingereza ni «make the bed», na anayetafsiri neno kwa neno atadhani anaombwa kutengeneza kitanda, ataenda kutafuta nyundo na misumari. Kuosha vyombo baada ya kula ni «do the dishes», ambapo neno la kuosha halionekani kabisa. Kuwasha moto ni «light», ambalo pia ni mwanga na pia ni kitu kisicho kizito. Kutwanga sombe ni «pound», na hilo ndilo jina la pesa za Uingereza. Mambo kama haya hayashikwi kwenye ubao. Yanashikwa mtu akiwa na mchi mkononi.

Kupika nako kuna safu yake: kuchemsha ni «boil», kukaanga ni «fry», kuchoma nyama juu ya makala ni «roast» au «grill», wenyewe hawapatani sana. Bugali haina haja ya kutafsiriwa. Anayevuka kwenda Uganda au Kenya ataikuta inaitwa ugali au posho, Zambia inaitwa nshima, na hakuna atakayelala njaa kwa kukosa jina lake la Kiingereza.

Lakini kuna maneno ambayo kuyakosa kunaweza kuua. Chupa na makopo mengi yanayouzwa masokoni mashariki mwa Kongo yanatoka Uganda, Tanzania, China na Dubai, na maandishi yake ni ya Kiingereza. Ile dawa nyeupe ya kufulia ambayo kila mtu hapa anaiita javeli, Kiingereza kinaiita «bleach». Kule Kenya na Uganda wengi wanaiita Jik, kwa jina la chapa ya biashara. Mama aliyezoea kutafuta neno Javel kwenye chupa hatalipata, na akiikosea kwa kitu kingine, mtoto akainywa, hakuna sarufi itakayomsaidia. «Poison» ni sumu. «Keep away from children» ni kusema iwekwe mbali na watoto. «Do not mix» ni onyo la kutochanganya, na javeli ikichanganywa na dawa ya asidi ya kusafishia choo hutoa hewa inayochoma mapafu. Katika jimbo ambalo kipindupindu hurudi mara kwa mara, na kila nyumba inaambiwa itibu maji, maneno hayo matano au sita yangepaswa kujulikana na kila anayetumwa dukani, akiwemo mtoto wa miaka kumi.

Wapo wasiopenda somo hili, na hoja yao si ya kutupwa. Baadhi ya wazazi wanasema: kumfundisha mtoto Kiingereza cha kufagia na kufula ni kumtayarisha awe boyi. Neno lenyewe linawapa haki. «Boy» ni Kiingereza, ni mtoto wa kiume, na katika Kongo ya Wabelgiji waliitwa hivyo wanaume wazima wenye wake na watoto, kwa sababu tu walipika na kupiga pasi nyumbani kwa mzungu. Maumivu ya jina hilo yameandikwa. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani. Watu hao walijua kazi vizuri kuliko waliowaajiri. Hawakuaibishwa na ufagio, waliaibishwa na jina waliloitwa na mshahara waliolipwa.

Basi hoja ya wazazi ina ukweli pale somo linapotolewa kwa wasichana peke yao. Hapo kweli ni kuwaandaa watumishi, tena bila kuwaambia. Kijana wa kiume akiambiwa aende kwenye sarufi na kompyuta, dada yake akabaki na «sweep» na «mop», Kiingereza kitakuwa kimeongeza mzigo juu ya bidoni anayobeba tayari. Vijana wa kiume waitwe jikoni. Anayefika ugenini peke yake, akapanga chumba na wenzake wanne, atajifulia na kujipikia apende asipende. Na akipata kazi ya kusafisha hoteli, inayowapokea wageni wengi wa kiume na wa kike, ajue pia kuuliza «How much per hour?», yaani analipwa kiasi gani kwa saa. Sentensi hiyo iwe ndani ya somo la kwanza.

Jambo lingine liwekwe wazi, kwa sababu kuna watu wanaolipa pesa kwa tumaini la bure. Kujua Kiingereza hakumweki mtu kwenye orodha ya kwenda Marekani. Mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu ni wa wakimbizi waliokwisha kuvuka mpaka. Familia iliyokimbia ikabaki ndani ya Kongo haimo. HCR haiuzi nafasi wala fomu, huduma zake ni za bure. Na Marekani yenyewe ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025 kwa amri ya Rais Trump. Mwalimu anayeuza cheti kwa ahadi ya ndege anakula pesa za watu waliokwisha kupoteza nyumba.

Somo linaloombwa hapa halihitaji cheti. Linahitaji dakika tano redioni, jioni, wakati wamama wako karibu na mbabula: neno moja, litamkwe mara tatu, lielezwe kwa Kiswahili, kisha wasikilizaji waambiwe wafanye. «Sweep», na mtoto anafagia. «Cover the water», na mwingine anafunika maji. Kesho yake lije neno jingine. Vituo vya redio vya Kindu vina watangazaji wanaoweza kuyatamka, na walimu wa Kiingereza wako mjini. Kwa wasio na redio, makala kipande kimoja yanatosha kuandika «door» juu ya mlango, na mwenye nyumba akiomba kuelezwa ni kitu gani kimeandikwa pale, naye atakuwa amejifunza.