Gereji Haijawahi Kuwa Bubu

Kuna maneno ambayo yakishatamkwa na mkubwa, kesi imekwisha. "Mchawi" ni mojawapo. "Mhujumu uchumi" lilikuwa mojawapo mwaka 1983. Na katika mji wangu wa Dar es Salaam lipo moja ambalo tumelizoea hadi hatulisikii tena: "gereji bubu". Ukishaitwa hivyo, hakuna haja ya kukushtaki. Wanaosaka magari ya wizi wataanzia kwako. Wanaosafisha mji wataanzia kwako. Jirani akichoshwa na kelele za nyundo, ana jina tayari la kupeleka kwa mjumbe.

Nalikataa jina hili, na nitaeleza kwa nini.

Bubu maana yake ni asiyesema. Gereji inaitwa bubu kwa kuwa haina kibao barabarani, haina leseni ukutani wala mashine ya EFD mezani. Lakini ingia kwenye ua wa nyumba ya bibi yangu, hatua chache kutoka Mtaa wa Shaurimoyo, siku inaposhushwa injini ya Peugeot 504, kisha uniambie nani bubu. Utasikia watu watano wakizungumza kwa wakati mmoja, na kila mmoja anafundisha. "Dogo, hiyo nati usiivute, ipe mafuta kwanza ilale nayo." "Mzee, ule waya wa kijani unarudi wapi?" "Unarudi kwenye stata, andika." Huyo dogo ana kipande cha boksi mkononi na anaandika kweli. Mimi nimekaa madarasani kwa miaka kumi na sita, na ni mara chache nimeona swali likijibiwa haraka namna ile.

Mafundi wetu husema "kushusha injini", na mgeni anaweza kushangaa, kwa sababu kwanza inapandishwa. Betri inatolewa, boneti inafunguliwa na kuwekwa pembeni, maji na oili vinamwagwa kwenye madumu. Rejeta inatoka, feni, kabureta, bomba la moshi, nyaya za umeme na waya wa mafuta. Giaboksi inawekewa jeki chini ili isining'inie. Kisha mnyororo unafungwa. Hapo ndipo penye akili, kwa sababu injini ya 504 haikusimama wima. Imelalia upande mmoja kwa nyuzi 45, na anayefunga minyororo yenye urefu sawa ataiona ikigeuka hewani kama samaki kwenye ndoano. Winchi inaning'inia kwenye bomba nene la chuma lililolazwa juu ya nguzo mbili. Injini ikishapanda juu ya bampa inabaki palepale, na watu wanne wanalisukuma gari lirudi nyuma. Baada ya hapo ndipo inashushwa, taratibu, juu ya tairi kuukuu. Hakuna mtu anayekaa chini yake, na hakuna anayepokea simu. Hizo ni sheria za usalama, ingawa hazijaandikwa popote.

Kwa nini 504, gari lililozinduliwa mwaka 1968? Kwa sababu ni hoja inayotembea. Silinda zake ni slivu zinazokaa ndani ya maji ya kupoozea, na kila slivu inaweza kuchomolewa na kuwekwa mpya pamoja na pistoni yake. Bloki za magari mengi zikilika, sharti zipelekwe kwenye mashine ya kuchimba silinda. Ya 504 inahitaji mtu mwenye subira, gasketi sahihi, na vipimo vyembamba vya bati vya kuhakikisha slivu imejitokeza juu ya bloki kwa kiasi kinachotakiwa, isizidi wala kupungua. Kwa maneno mengine, waliolibuni waliacha mlango wazi kwa fundi wa uani. Ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, ndilo lililompa Bert Shankland, dereva mkazi wa Tanzania, ushindi wa mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena 1967, kwenye barabara ambazo nyingi hazikuwa na lami. Historia ya magari yanayorekebishika ni historia yetu pia.

Na tuliihitaji. Baada ya vita vya Kagera nchi ilikauka fedha za kigeni. Magari binafsi yalikuwa yamewahi kuzuiwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta, na spea ilikuwa hadithi. Waulize waliokuwa watu wazima miaka ile nani aliyeyaendesha magari ya hospitali, ya mashule na ya vyama vya ushirika. Watakutajia mtu mwenye ovaroli lililochakaa aliyekata gasketi kutoka kwenye karatasi ngumu, aliyechonga bushi kutoka kwenye chuma cha kitu kingine. Wakati ule hakuna aliyemwita bubu. Tulimwita fundi, na ukikutana naye njiani unamwamkia kwanza.

Kilichobadilika ni ua, ustadi haujabadilika. Kariakoo ilipimwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wajerumani, ikachukua jina la wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, na ikawekwa kuwa makazi ya Waafrika, uwazi wa Mnazi Mmoja ukiitenganisha na Uhindini. Nyumba yake ya Kiswahili ilikuwa na korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma yake ua. Uani kulipikwa, kulifuliwa, kulisukwa nywele, kulifanyika misiba na ngoma. Uani pia kulikuwa karakana. Nyumba zile sasa zinavunjwa moja baada ya nyingine, na ghorofa linalosimama mahali pake linameza kiwanja chote hadi kwenye mpaka wa jirani. Chini maduka, juu stoo, juu zaidi vyumba vya kupanga.

Kwetu pia mnunuzi amekuja. Anataka ubia: sisi tutoe kiwanja, yeye ajenge, familia ipewe sakafu mbili. Wajomba zangu wawili wamekubali, mama na shangazi bado. Sitajifanya kwamba sakafu mbili za Kariakoo ni kitu kidogo; ni ada za shule za watoto ambao hawajazaliwa. Lakini katika vikao vyote vya familia sijasikia mtu akiweka mezani bei ya ua. Vijana sita wamejifunza kazi pale tangu nikiwa shule ya msingi. Watatu wana gereji zao leo, Mbagala na Tabata. Wa nne yuko Muscat, anatengeneza malori. Hakuna sakafu ya ghorofa itakayozaa hayo, na ukiniambia hayana thamani kwa sababu hayakuingia kwenye daftari la mtu yeyote, nitakujibu kwamba tatizo liko kwenye daftari.

Najua yanayosemwa upande wa pili, na mengine ni kweli.

Inasemwa ni maficho ya wezi. Dar es Salaam tunachora namba za magari kwenye vioo na taa kwa sababu kioo kikiibiwa usiku, asubuhi unaweza kwenda kukinunua tena. Huo ni ukweli wa aibu. Lakini kioo kile hakiuzwi na anayefungua injini ya mwaka 1975 mchana kweupe mbele ya watoto na majirani. Kinauzwa dukani, na leseni ya ukutani haijui kioo kimetoka wapi. Anayetaka kumkamata mwizi afuate kioo, asifuate harufu ya oili.

Inasemwa wanachafua mazingira. Kweli, oili chafu ikimwagwa mtaroni inafika Msimbazi na kutoka hapo inafika baharini. Lakini oili chafu ni mali, na watu huinunua kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Weka pipa moja la kukusanyia katika kila mtaa, weka siku ya kulichukua, halafu mtoze faini asiyelitumia. Halmashauri inayojua kukusanya ushuru wa meza ya nyanya haiwezi kushindwa na pipa.

Inasemwa ni hatari. Mnyororo ukikatika, mtu anaweza kufa. Hilo nalikubali bila kupepesa. Ila Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapahapa Kariakoo likaua zaidi ya watu 20, na hakuna aliyependekeza tuache kujenga maghorofa. Tulidai ukaguzi. Mbona fundi wa uani yeye hadaiwi ukaguzi, anadaiwa kuondoka tu?

Sasa nigeuke kwetu, sisi tunaosoma magazeti kama hili. Tunapenda magari ya zamani. Tunalikodi moja kwa ajili ya picha za harusi, tunaliegemea, tunaandika maneno matatu ya Kiingereza chini ya picha. Tukifungua boneti tunakuta injini ya Toyota iliyokuja na kontena, kwa kuwa mwenye gari alishauriwa "toa hiyo, tupia ya Kijapani, usumbufu uishe". Simlaumu anayetafuta riziki kwa teksi. Ila sisi tunaodai kwamba tunapenda urithi, tunapenda ganda. Pale Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, imehifadhiwa Rolls-Royce ya Mwalimu Nyerere, na ni vizuri ihifadhiwe. Lakini gari la makumbusho limetulia. Urithi wa ufundi ukitulia unakufa, kwa sababu makazi yake ni mikono ya watu, na mikono isiyofanya kazi husahau.

Serikali nayo imeamua kwamba umri ni kosa. Gari la zaidi ya miaka 10 likiingizwa nchini linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Kenya wamekataa kabisa magari yaliyozidi miaka 8. Hoja yao ni kuzuia nchi isigeuzwe jalala, na mimi siipingi. Lakini kama kweli hatutaki takataka za wengine, basi anayelifanya gari lililo hapa tayari liishi miaka kumi zaidi ndiye mshirika wetu wa kwanza. Kwa mkono mmoja tunazuia chakavu bandarini, na kwa mkono wa pili tunamfukuza mtu anayezuia chakavu mtaani.

Tazama majirani walivyofanya. Wakenya waliwaita mafundi wao "jua kali". Si jina la kujivunia sana, ni jina la mtu asiye na paa. Lakini ni jina la mtu anayefanya kazi. Mwaka 1992 jina hilo likaingia kwenye waraka wa sera wa serikali yao kuhusu biashara ndogo. Yaani neno la mtaani lilipanda hadi bungeni likiwa limebeba watu wake. Letu lilitoka juu kuja chini, likiwa na pingu.

Ninachodai si muujiza. VETA tayari wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa kazi na kupewa cheti. Basi wawafuate mafundi hukohuko nyuani kabla mgambo hawajafika. Jiji linapotoa kibali cha ghorofa Kariakoo, litake sehemu ya chini iachwe wazi kwa kazi za mikono, kama linavyoweza kutaka maegesho. Waandishi wa habari waache kuandika "gereji bubu" kana kwamba ni jina la kisheria; waandike "gereji ya uani", kisha waeleze kosa kama lipo. Na wewe mwenye 504, au Datsun, au Volkswagen ya babu iliyofunikwa turubai, usilipeleke kwenye picha kabla hujalipeleka kwa mtu wa kulifungua. Kaa naye siku hiyo nzima. Shika tochi. Uliza ule waya wa kijani unarudi wapi.

Kuhusu kiwanja chetu, kikao kijacho ni Jumapili baada ya adhuhuri. Kura yangu haihesabiwi, kwa kuwa mimi ni mjukuu. Ila nimeshamwambia mjomba mkubwa, kwa heshima zote, kwamba kabla hajatia saini aandike kwenye mkataba huo mita tano kwa sita za ardhi isiyo na paa, na nguzo mbili za chuma. Akasema mnunuzi atacheka. Acheke. Sisi tumechekwa kwa miaka mingi bila kupewa nafasi ya kujibu, halafu tukaitwa bubu.