Mgeni wa Siku Tatu: Neno kuhusu Filamu ya Starman

Kila ninapoitaja filamu ya Starman mbele ya watu wanaojigamba kuzijua filamu za viumbe wa anga za mbali, hupata jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza huniuliza iwapo nakusudia E.T. Wa pili, ambaye amechimba zaidi, hunikumbusha kwamba John Carpenter ni bingwa wa filamu za kutisha, na kwamba anayetaka kumsifu amsifu kwa The Thing. Sina ugomvi na filamu hizo mbili. Ninalolalamikia ni kwamba baina yake imefukiwa kazi ambayo, kwa maoni yangu, ina mengi zaidi ya kumwambia raia, mwanaharakati na mtumishi wa umma. Nayo imefukiwa kwa sababu tu ni hadithi ya mapenzi, na mapenzi hatujazoea kuyahesabu miongoni mwa mambo mazito.

Historia ya filamu yenyewe ina kejeli yake. Kampuni ya Columbia ilikuwa na miswada miwili ya mgeni mwema kutoka angani, ikaona haiwezi kuitengeneza yote, ikaubakiza huu na kuuachia ule mwingine uende zake. Ule mwingine ndio E.T., uliotengenezwa na Universal na kuitikisa dunia mwezi Juni 1982. Mwezi huohuo Carpenter alitoa The Thing, yenye mgeni katili anayewameza wenyeji wake, na watazamaji waliokwisha kupenda mgeni mpole wakaipa kisogo. Miaka miwili na nusu baadaye, Desemba 1984, mtu huyohuyo akaleta Starman, yenye mgeni mpole kuliko wote. Jeff Bridges aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora kwa kazi hiyo. Hakushinda, na hadi leo ni filamu pekee iliyoongozwa na Carpenter kupata kuteuliwa kwa tuzo hizo.

Kisa kinaanza na jambo la kweli. Agosti 1977 Marekani ilirusha chombo cha anga kiitwacho Voyager 2, kikiwa kimebeba santuri iliyopakwa dhahabu: muziki, picha, milio ya wanyama, salamu katika lugha 55, na sauti ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, Kurt Waldheim, akizungumza kwa niaba ya watu wa sayari hii. (Mwaka 1986 ilifichuka kwamba mjumbe huyo wa amani alikuwa ameficha sehemu ya utumishi wake katika jeshi la Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Malaika hawakupatikana, naona.) Kiswahili hakimo katika lugha zile 55. Kiarabu kimo, Kiganda kimo, Kinyanja kimo, hata Kiila cha Zambia kimo, sisi hatumo. Faraja yetu ni wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, katika Zaire ya siku zile.

Filamu inauliza swali ambalo waliorusha santuri hawakulipa uzito: je, mtu akiitika? Mgeni anakuja, akiwa ameisikia santuri na kuuamini mwaliko wake. Chombo chake kinapoingia katika anga ya Marekani kinapokewa kwa makombora, kikaanguka Wisconsin, karibu na nyumba ya mjane kijana aitwaye Jenny Hayden, anayeigizwa na Karen Allen. Jenny amekesha akinywa mvinyo na kutazama mikanda ya marehemu mumewe, Scott. Mgeni anaingia, anaukuta unywele wa Scott uliohifadhiwa katika albamu ya picha, na kutokana nao anajijengea mwili. Jenny anapoamka anamwona mumewe amesimama uchi sebuleni. Siku tatu mgeni anazo kufika kwenye kasoko la kimondo la Barringer, Arizona, ambako wenzake watamchukua, asipofika, atakufa. Mkononi ana gololi saba za rangi ya fedha, na kila moja ni muujiza mmoja, basi.

Hapa lugha yetu inanisaidia kuona kitu ambacho Waingereza na Wamarekani wamejizibia. Sisi tuna neno moja, mgeni, kwa mtu aliyealikwa harusini, kwa mpita njia asiyejulikana, kwa raia wa nchi nyingine, na kwa kiumbe wa nyota za mbali. Kiingereza kimewagawa hao katika vyumba tofauti, na kikaweka chumba kimoja kwa wawili wa mwisho: sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 inamwita asiye raia kwa neno lilelile linalotumiwa kwa viumbe wa angani. Anayeitazama filamu hii kwa Kiswahili kichwani haoni fumbo lolote la kufumbua. Anaona mgeni amefika, na anangoja kuona wenyeji watafanya nini. Tuna na ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu, siku ya tatu, analetewa helikopta za kijeshi.

Uigizaji wa Bridges ndio uliochekwa zaidi, na ndio ninaoutetea zaidi. Shingo yake inageuka kwa mikato kama ya kuku anayesikiliza. Maneno yanatoka kila moja peke yake, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Huyu anajifunza kuvaa mwili. Anajifunza kuendesha gari kwa kumtazama Jenny, hata wanapokaribia kugongwa kwenye makutano na Jenny kumfokea, anajitetea kwamba amezielewa taa: nyekundu ni kusimama, kijani ni kwenda, na njano ni kwenda kasi sana. Hivyo ndivyo alivyomwona mwenyeji wake akifanya. Kwa mtu anayefundisha kuhusu sheria iliyoandikwa na sheria inayotendeka, mzaha huo una thamani ya mihadhara miwili.

Na yule kulungu. Kwenye mkahawa wa kando ya barabara mgeni anamkuta kulungu amefungwa juu ya gari la wawindaji. Anamuuliza Jenny kwa nini ameuawa, na jibu halimtoshi. Anatumia gololi moja, kulungu anafumbua macho, anakimbilia porini, na wawindaji wanampiga mgeni kwa kuwapotezea mali. Carpenter anatuonyesha tukio hilo kupitia uso wa Jenny dirishani. Ni hapo woga wake unapogeuka kitu kingine.

Maana yapo ambayo hayapendezi, nami sitayafunika kwa mapenzi yangu ya filamu hii. Safari inaanza kwa utekaji. Jenny anaendesha gari kwa kulazimishwa, anajaribu kutoroka, anaomba msaada. Kwamba baadaye anampenda mtekaji wake si jambo la kulimeza bila kutafuna, na wanafunzi wangu wa kike, nilipowaonyesha filamu hii, walilitafuna ipasavyo. Tena baada ya usiku wao katika behewa la mizigo, mgeni anamjulisha Jenny, mwanamke aliyeambiwa hawezi kuzaa, kwamba ana mimba ya mtoto wa kiume. Anamjulisha baada ya tendo. Wenye kuitetea filamu hukumbusha kwamba papo hapo anaongeza: kama hutaki, nitaizuia sasa. Ni kweli anaongeza, na ni filamu chache za miaka ile zilizompa mwanamke neno la mwisho kwa uwazi namna hiyo. Lakini kuulizwa baadaye si sawa na kuulizwa kabla, na mwanafunzi aliyenitamkia hivyo alikuwa sahihi kuliko mimi niliyeanza kujibu.

Turudi Arizona. Sina ushahidi kwamba waandishi wa filamu waliwafikiria wakimbizi, wala sihitaji kuwasingizia. Lakini yeyote aliyekuwa Marekani mwaka 1984 alijua kwamba kulikuwa na wageni wengine wakisafirishwa kwa siri na wenyeji waliowahurumia, na kwamba Arizona ilikuwa kitovu cha habari hiyo. Machi 1982 kanisa la Kipresbiteri la Southside mjini Tucson lilijitangaza hadharani kuwa kimbilio la watu waliokimbia vita vya El Salvador na Guatemala, ambao serikali ya Reagan ilikataa kuwatambua kama wakimbizi. Januari 1985, mwezi mmoja baada ya filamu kuingia kwenye majumba ya sinema, waliohusika na harakati hiyo wakafunguliwa mashtaka. Miongoni mwao walikuwamo wachungaji, mapadri na watawa. Wanane walitiwa hatiani mwaka 1986. Jenny Hayden, mjane asiye na siasa, anafanya tendo lilelile: anamficha mtu asiye na hati na kumvusha majimbo kadhaa huku vyombo vya dola vikimsaka. Risasi ya polisi inampata yeye, si mgeni, na gololi nyingine inatumika kumrudishia uhai.

Upande wa dola una watu wawili. Fox, mkuu wa usalama, hana chuki binafsi; ana taratibu. Ameandaa meza yenye mikanda ya kumfunga mgeni, tayari kwa uchunguzi ambao kila mtu chumbani anajua haumwachi mtu hai. Mark Shermin ni mwanasayansi wa utafutaji wa viumbe wenye akili, aliyeitwa kusaidia msako, na ndiye anayemkumbusha Fox jambo ambalo faili lake halina: huyu tulimwalika sisi. Mwishoni Shermin anaketi na mgeni mkahawani, karibu kabisa na kasoko. Mgeni anamwambia kwamba anachokiona kizuri kwa wanadamu ni kuwa hufikia ubora wao mambo yanapokuwa mabaya kabisa. Shermin anawaachia waondoke, kisha anamkabili Fox kwa moshi wa sigara yake.

Darasani kwangu mzozo mkubwa ulikuwa hapo. Mwanafunzi mmoja, mtumishi wa umma aliyekuwa masomoni kwa ruhusa ya mwajiri wake, alisema Shermin alivunja kiapo na angepaswa kufukuzwa. Akaongeza, bila kuombwa, kwamba kazini kwake amewahi kutia sahihi karatasi ya kumrudisha mtu mpakani, na kwamba utaratibu wote ulifuatwa. Hakuna aliyecheka. Mwingine akamuuliza: ulimwona huyo mtu? Akasema hapana, aliona karatasi.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Shermin mwenyewe simtukuzi. Kwa zaidi ya nusu ya filamu yeye ndiye anayewaelekeza wawindaji kwa elimu yake, na huruma yake inafika dakika za mwisho, kama huruma nyingi za maofisini. Lakini kinachombadilisha ni kuketi meza moja na mtu ambaye hadi hapo alikuwa nukta kwenye ramani. Fox hakuketi.

Kuna neno moja la filamu hii ambalo kwetu, hasa Tanzania, lina uzito ambao Mmarekani hawezi kuupima. Jenny anamuuliza mgeni kwao kukoje. Anajibu kuwa ni kuzuri: kuna lugha moja, sheria moja, watu wa namna moja, hakuna vita wala njaa, na mwenye nguvu hamwonei mnyonge. Kisha anasema kwamba kwa ustaarabu wote huo wanadhani wamepoteza kitu; atawakumbuka wapishi, nyimbo, ngoma na vyakula vya hapa. Mimi ni zao la shule iliyonifundisha kwamba lugha moja ilitujenga kuwa taifa, na bado naamini hivyo. Lakini bibi yangu alikufa na nyimbo zake, kwa lugha ambayo mimi naisikia nusunusu. Sentensi hiyo ya mgeni hunikaa kooni kila ninapoitazama filamu, na sijui kama ningeibadilisha historia yetu hata ningepewa gololi zote saba.

Watakaoitafuta wajue ina dakika 115, na kwamba zile za mwanzo ni za kuvumilia. Wasikose mwisho. Theluji nyekundu inaanguka kasokoni, mgeni anamwachia Jenny gololi ya mwisho kwa ajili ya mtoto, na chombo kinapoondoka Carpenter anakataa kutuonyesha kikienda. Anaiacha kamera juu ya uso wa Karen Allen, ukitazama juu, hadi mwanga unapomwondokea.