Farao Naye Aliomba Aombewe

Hapa Lubumbashi tumejizoesha kuamini kwamba mtu anayeomba hawezi kuwa na moyo mgumu. Moyo mgumu, tunaambiana, ni wa mlozi, wa mpagani, wa yule asiyekanyaga kanisani. Mtu akikesha kwenye maombi, akalia mbele ya pasta, akatoa sadaka nono, basi moyo wake ni laini. Naikataa imani hiyo kwa nguvu zangu zote, na Biblia yenyewe inaikataa.

Someni kitabu cha Kutoka polepole. Farao aliomba aombewe. Vyura walipoijaza nchi, alimwita Musa amsihi Bwana. Alipoulizwa waondolewe lini, akajibu: kesho. Vyura wakafa, nafuu ikaja, moyo ukarudi palepale. Mvua ya mawe ilipopiga, alikiri kwa kinywa chake kwamba ametenda dhambi. Nzige walipokuja, akakiri tena. Maneno ya toba alikuwa nayo yote. Alichokataa ni kuwaachia watu aliowatumikisha. Alitaka pigo liondoke, faida ibaki.

Sasa tutoke Misri, tuje Karavia, hapahapa Lubumbashi. Kwenye hoteli hiyo kubwa iliyo kando ya ziwa, wakubwa wa madini hukutana kuzungumza shaba na kobalti. Wengi tunaoishi kwa biashara hiyo, wakubwa kwa wadogo, Jumapili tuko kanisani. Juni 2019, huko Kolwezi, udongo uliwafukia wachimbaji wa mikono zaidi ya 40 kwenye mgodi wa KOV. Tuliomba. Novemba 2025, huko Kalando, katika mkoa huohuo wa Lualaba, daraja lilivunjika na watu wasiopungua 32 wakafa, mahali palipokuwa pamekatazwa kwa sababu ya mvua na hatari ya maporomoko. Tukaomba tena. Kati ya kilio cha kwanza na cha pili, nani alibadilisha bei anayomlipa mchimbaji? Nani alilikataa gunia lililotoka kwenye shimo lililokatazwa? Siwalaumu waliokufa; njaa ndiyo iliyowashusha mle. Nasema na wanaonunua, na wanaopokea chao ili wafumbe macho.

Wala tusiseme hatukuonywa. Mwaka 1976, enzi za Mobutu, Askofu Mkuu wetu Eugène Kabanga aliandika barua ya kichungaji aliyoiita Je suis un homme, yaani Mimi ni mtu. Alisema waziwazi kwamba kiu ya fedha inawageuza watu kuwa wauaji. Aliwataja wagonjwa wanaokufa kwa kukosa cha kuwapa wahudumu wa hospitali, na maskini wanaokosa kazi kwa kuwa hawana cha kumpa anayeajiri. Nani kati yetu anaweza kusema hayo yameisha? Tunasubiri onyo la Mungu lije kwa ndoto, kwa unabii wa saa nane za usiku, na lisipokuja tunamtafuta mlozi wa kumbebesha msiba. Onyo lilikuja kwa wino, kutoka kwa mchungaji aliyejua majina ya dhambi zetu.

Linalonitisha zaidi ni mpangilio wa ile habari ya Misri. Mwanzoni Farao ndiye anayeufanya moyo wake mgumu. Ikifika pigo la sita, la majipu, Maandiko yanasema Bwana ndiye aliyeufanya mgumu. Anayesema “Mungu iko na huruma, nitatubu kesho” anadhani kesho ataamka na moyo huuhuu alio nao leo. Huruma ya Mungu itakuwepo, sina shaka. Ila yeye atakuwa amezoea kusikia kilio na kuendelea kula.

Wachungaji wetu, mkubwa akija kuombewa, muulizeni kwanza ataachia nini. Kama hakuna, msimwekee mikono. Usiku ule wa mwisho Farao aliwaruhusu Waisraeli waende, akawaomba wambariki naye. Kisha akachagua magari 600 ya vita, akawafuata.