Ngao ya Mgiriki, gwaride la beni... na sisi wa Same je?

Wiki hii nina swali la kizushi. Tuseme umepata mshiko wa kununua pikipiki mpya, boda safi ya kukuingizia senti kila siku. Je, utakubali kuumaliza wote kwenye kofia ya shaba, ngao na mkuki, ili ukacheze vita ya watu waliokufa miaka 2,500 iliyopita?

Usicheke. Kuna watu wanafanya, tena watu wazima wenye kazi zao na familia zao. Katikati ya wiki ni walimu, mafundi wa kompyuta na madaktari. Ikifika mwisho wa wiki, wanavaa makoti ya kitani, wanabeba ngao za mviringo na kujipanga mstari kama wanamsubiri Mwajemi atokee nyuma ya kichaka. Uingereza wana chama chao, The Hoplite Association. Ugiriki kwenyewe wapo Koryvantes. Mwaka 2011 wapenzi wa mchezo huo walitoka nchi mbalimbali wakakusanyika Marathon, palepale Waathene walipowatimua Waajemi mwaka 490 kabla ya Kristo.

Niliwaonyesha masela wa kijiweni hapa Same video ya jamaa hao. Mmoja akauliza, "Hawa wanalipwa shilingi ngapi?" Nikamwambia hawalipwi, wao ndio wanaolipa. Kikao kikavunjika kwa kicheko. Mpare na kulipia jasho lake mwenyewe, wapi na wapi! Sisi tunasingiziwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe tukaendeshe kesi ya mbuzi, lakini hata hiyo kesi angalau unategemea kushinda.

Mimi nilicheka nao, halafu nikaanza kuwatetea wale Wazungu. Nina sababu.

Kwanza tujue hopliti ni nani. Usidhani alikuwa komandoo. Alikuwa mkulima au fundi aliyeweza kujinunulia silaha, na mji ulipoita alitundika jembe akaenda. Ngao yake ilikuwa ya mbao, na mara nyingi ilifunikwa kwa bati jembamba la shaba. Upana wake ulikuwa karibu sentimita 90 na uzito kama kilo saba. Mkuki ulizidi mita mbili. Jeshi lilisimama bega kwa bega katika safu waliyoiita falanksi.

Sasa sikiliza utamu wake. Ngao ilivaliwa mkono wa kushoto. Nusu yake ilikukinga wewe, nusu nyingine ilimkinga jirani yako wa kushoto. Na wewe ubavu wako wa kulia ulikuwa mikononi mwa mtu aliyesimama kulia kwako. Mwanahistoria wa kale, Thucydides, aliandika kwamba majeshi yakianza kutembea yalikuwa yanasogea upande wa kulia yenyewe, kwa kuwa kila mtu kwa woga wake alijibanza kwenye ngao ya mwenzake. Kwa hiyo ukitimua mbio kwenye safu hiyo, wa kwanza kuumia ni mshikaji wako.

Hicho ndicho wanachokifuata wale Wazungu, kama unaniuliza mimi. Mtu anaishi ghorofani, jirani yake wa mlango wa pili hamjui jina. Wikiendi moja anasimama mahali ambapo bila bega la mwenzake haendi popote. Hapo pikipiki moja si bei kubwa.

Na kabla hujasema "mambo ya Wazungu hayo", ngoja nikukumbushe kwamba babu zetu waliyafanya, na waliyafanya kwa mbwembwe kuwapita. Iliitwa beni.

Jina lenyewe limetokana na bendi. Ngoma hiyo ilizaliwa kwenye pwani ya Kenya, kule Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana waliziona bendi za kijeshi za wakoloni, wakatengeneza za kwao. Walikuwa na ngoma kubwa, tarumbeta, sare, gwaride na vyeo vya kumwaga. Mtu mchana ni boi wa nyumbani au kuli wa bandarini, jioni ni Jenerali na anapigiwa saluti! Ikashuka mpaka Tanga na Dar es Salaam enzi za Mjerumani. Ilipokuja Vita ya Kwanza ya Dunia, askari na wapagazi waliibeba mpaka bara na nchi za jirani.

Tanganyika vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Marini walijiona watoto wa mjini, wastaarabu wa pwani na waliosoma. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kawaida na wa kuja. Ushindani wao ulikuwa moto, Simba na Yanga watasubiri! Kushinda haikuwa kucheza tu. Ilikuwa nani kavaa vizuri zaidi, nani kapanga gwaride lililonyooka, nani kamwaga pilau la kutosha. Mwanahistoria Terence Ranger aliwaandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975.

Wapo waliowadharau. Walisema hawa ni kasuku, wanamwiga bwana mkubwa anayewanyanyasa. Mimi sikubaliani nao. Kasuku hamsaidii mgonjwa. Vyama vya beni vilisaidia wanachama wao wagonjwa, vilizika waliofia ugenini, vilimpokea mgeni aliyeshuka mjini hana ndugu. Kijana aliyetoka kwao na kibegi kimoja aliuliza wenzake wako wapi, na usiku huo alikuwa na pa kulala. Yale magwanda yalikuwa ya kumtambulisha tu. Kilichomfanya abaki ni kwamba akifa kuna watu wa kumbeba.

Wala mchezo huo haukufa wote. Panda basi uende Ziwa Nyasa, wilaya za Nyasa, Mbinga na Ludewa, utaukuta mganda. Wanaume na kaptula safi, soksi ndefu, mistari imenyooka kama imepigwa rula, huku wanapuliza vibuyu vinavyolia kama tarumbeta. Ni mtoto wa beni huyo, aliletwa na askari waliorudi vitani. Wanawake wana kihoda yao. Zambia kwenye migodi ya shaba mtoto mwingine aliitwa kalela. Huyo alitupa kabisa sare za jeshi. Kwenye kundi alilolieleza J. Clyde Mitchell mwaka 1956 kulikuwa na "daktari" aliyevaa nguo nyeupe yenye msalaba mwekundu, na "nesi" anayepita na leso na kioo ili wachezaji wajipangusie jasho na kujitazama. Hapo nilicheka mpaka basi.

(Tahadhari kidogo kwa vijana wenzangu wanaopenda kupendeza. Ukitaka kucheza mambo haya, usije ukavaa kombati za JWTZ. Sheria haitaki raia avae sare za jeshi, na Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa wenye nazo wazisalimishe. Ngao ya Mgiriki sijasikia ikikatazwa!)

Sasa nifike kwenye kinachoniwasha.

Katika michezo yote ya namna hii, kila mtu anataka kuwa shujaa mwenye mkuki. Lakini hopliti hakuibeba ngao yake njiani. Ilibebwa na mtumishi, mara nyingi mtumwa. Herodotus anasema kwenye vita ya Plataea mwaka 479 kabla ya Kristo, Wasparta 5,000 walikwenda na maheloti 35,000, yaani kila bwana mmoja na watu saba aliowafanya kama watumwa. Video nilizoona zimejaa mabwana. Wale saba sijawaona.

Sisi huku jambo hilo linatugusa pabaya. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kufuata reli na Mto Pangani, yakimkimbiza Mjerumani chini ya hii milima yetu ya Upare. Nyuma ya kila bunduki kulikuwa na watu wenye mizigo kichwani. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar linatokana nao, na leo tunalijua kwa vitenge na viatu vya mtumba. Sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, imeshika bunduki. Ukimtafuta aliyembebea risasi, nenda Nairobi, kule angalau mpagazi amewekwa kwenye sanamu pamoja na askari.

Ndiyo maana nasema, sisi vijana wa Same tukitaka kuanzisha chama chetu cha kucheza historia, tusihangaike na kofia ya shaba. Tuna falanksi yetu, na haikuwa na mkuki hata mmoja.

Nazungumzia Mbiru.

Kwa wasiojua: miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ilileta huku kodi ya kupanda kulingana na mali ya mtu, ikaipachika jina la ushuru wa jadi, mbiru. Wapare waliikataa. Mwaka 1945 wananchi kwa maelfu waliteremka milimani kwa miguu, wakaja kujazana hapa Same, kwa kuwa wakati huo Same ndiyo ilikuwa makao ya wilaya yote ya Pare, Mwanga ikiwemo. Hawakuja kuchoma nyumba. Walikuja wakakaa. Walisema hatuondoki mpaka hii kitu ifutwe. Kule Usangi wanawake nao walichachamaa, wakasema waume zetu mmewaweka huko, sasa sisi tufanyeje? Mwishowe serikali ikasalimu amri na kodi ile ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa huku huku, aliandika kijitabu juu ya habari hiyo mwaka 1971.

Hebu fikiria. Kila aliyekaa pale alikuwa na shamba lake linaota magugu. Akiondoka mmoja usiku kimya kimya, anaacha ubavu wa mwenzake wazi. Kama ngao ile ile ya Mgiriki, sivyo?

Leo ukiwauliza vijana kumi pale stendi Mbiru ni nini, tisa watakuuliza ni bendi ya wapi. Nimejaribu, ndiyo maana nasema! Nyerere wanamjua, Kinjeketile wanamjua, hata wale Wasparta 300 wa kwenye sinema wanawajua vizuri. Babu yake mwenyewe aliyelala chini hapa mjini kwa ajili ya haki, hamjui.

Sasa pendekezo langu ni hili. Mara moja kwa mwaka tuteremke kwa miguu. Wa Mamba watoke Mamba, wa Mbaga watoke Mbaga, wa Chome na Suji kadhalika, na ndugu zetu wa Usangi na Ugweno wasikose. Tukutane Same. Matarumbeta ya Kilutheri yapo, yatupokee. Silaha hazihitajiki, sare hazihitajiki, kofia ya shaba wamwachie Mgiriki. Gharama ni viatu vya kutembelea na sufuria la makande, kwa hiyo hata wale wabahili wenzangu hawana kisingizio. Tupeane taarifa mapema, tuwaombe kibali wahusika, maana maelfu wakiteremka bila taarifa siku hizi inaweza kuwa Mbiru ya kweli!

Najua tatizo litakuwa wapi. Kila mtu atataka kucheza Bwana DC, avae kofia nyeupe na soksi ndefu. Tutapiga kura. Kina dada nao wasije wakapewa kazi ya kupika tu, wakati historia inasema walisimama mbele.

Na tuongeze kitu kimoja tulichojifunza kwa watu wa beni. Daftari. Kila anayetembea aandikwe jina, na kila mwezi atoe kidogo. Vijana wanashuka milimani kila siku kuja kutafuta maisha hapa mjini na Moshi na Dar. Wengine wanaanguka na pikipiki barabara kuu, na unakuta kijiwe kinachangishana kwa kofia ili mwili urudi nyumbani. Nimechangia kofia hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Babu zetu wa Marini na Arinoti, pamoja na mbwembwe zao zote, hilo walilipanga kabla mtu hajafa.

Wazungu wale wanatafuta bega la kuegemea huko kwenye miaka 2,500 iliyopita. La kwetu halifiki hata 100, na wajukuu wa walioketi pale bado wanapishana sokoni bila kujuana. Mwenye wazee nyumbani waliosimuliwa habari za Mbiru na wazazi wao awaulize wiki hii hii, aandike, alete. Wazee hawangoji.

Haya, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Na wewe uliyeshikilia gazeti la kuazima, lirudishe. Mwenzio hajafika ukurasa huu.