Bei ya Bima Ni Hukumu Juu ya Mifereji Yetu

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Januari 2022 likafuata Soko la Karume. Baada ya kila moto tulisikia mambo yaleyale: kamati ya uchunguzi, pole za viongozi, na nasaha kwamba wafanyabiashara wakate bima. Nasaha hiyo ya mwisho hatimaye ilipata nguvu ya kisheria. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliifanyia marekebisho Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa kutoka nje, vyombo vya majini na vivuko vikaingia katika orodha ya bima za lazima.

Siipingi sheria hiyo. Ninachokihoji ni dhana iliyoibeba, yaani kwamba kiini cha tatizo letu ni mwananchi asiyenunua bima. Ni kweli kwamba ada zote za bima nchini ni takribani asilimia 2 tu ya pato la taifa. Lakini kumlazimisha mtu kununua bima hakupunguzi moto wala mafuriko hata kidogo. Kunahamisha tu mahali ambapo gharama inaandikwa. Na gharama hiyo, mwishowe, huandikwa katika ada anayolipa mwenye duka.

Tuangalie namna ada hiyo inavyopatikana. Bima ya mali kwa kawaida hutozwa kama sehemu ya thamani ya mali iliyokatiwa bima. Ndani ya sehemu hiyo mna mambo manne: makadirio ya hasara zitakazotokea, gharama za uendeshaji pamoja na kamisheni, gharama ya bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni za bima zenyewe hununua ili zisifilisike janga linapokuwa kubwa, na faida. Juu yake huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwa hiyo dola inayomhimiza mfanyabiashara ajikinge ndiyo pia inayoitoza kodi kinga yenyewe.

Katika mambo hayo manne, la bima mtawanyo kwa kiasi kikubwa halimo mikononi mwetu. Tuna Tan-Re, na barani zipo Africa Re na ZEP-RE, lakini nazo hujikinga kwa mitaji mikubwa zaidi ya Zurich, Munich na London. Kwa miaka kadhaa mfululizo hasara za majanga ya asili zilizolipwa na bima duniani zimekuwa zikizidi dola za Marekani bilioni 100 kwa mwaka. Kimbunga Ian kilipoipiga Florida Septemba 2022, mikataba ya bima mtawanyo iliyohuishwa tarehe 1 Januari 2023 ilipanda bei kwa kiwango ambacho soko lilikuwa halijakiona kwa muda mrefu. Mtaji unaolinda nyumba za Florida ni ndugu wa mtaji unaolinda maghala ya Dar es Salaam. Ukipungua kule, huwa adimu na huku.

Tangu mwaka 2025 bei hizo zimeanza kulegea, kwa kuwa faida ya miaka ya bei kubwa iliwavuta wawekezaji warudi. Ndivyo soko la bima linavyokwenda: hasara kubwa hupandisha bei, bei kubwa huleta mtaji, mtaji mwingi hushusha bei. Kushuka huko kusitudanganye. Kilichopungua ni bei ya mtaji. Mvua hazijapungua, na majengo yetu hayajawa imara zaidi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni serikali kuizuia bei isipande. Marekani ina somo juu ya hilo. Mwaka 1988 wapiga kura wa jimbo la California walipitisha Pendekezo Namba 103, lililozitaka kampuni za bima ya mali kupata kibali cha kamishna wa bima kabla ya kupandisha bei. Lengo lilikuwa jema. Lakini kwa miaka mingi kanuni za jimbo hilo ziliwataka wakokotoe bei ya hatari ya moto wa nyika kwa kutazama hasara zilizopita, wakati hatari ya mbele ilikuwa inaongezeka na nyumba zikizidi kujengwa milimani na kando ya misitu. Mei 2023 kampuni ya State Farm ikaacha kupokea maombi mapya ya bima ya nyumba. Wengi wakakimbilia FAIR Plan, mpango wa mwisho kwa aliyekataliwa kwingine. Januari 2025 mioto ya Palisades na Eaton ikateketeza maelfu ya majengo mjini Los Angeles na kandokando yake. Mwezi uliofuata mpango huo ukaruhusiwa kuzitoza kampuni wanachama dola bilioni 1 ili ulipe madai. Mei 2025 State Farm ikaruhusiwa kupandisha bei ya bima za nyumba kwa asilimia 17. Bei iliyozuiwa bila hatari kupunguzwa haikuondoka. Ilisubiri, kisha ikaja kwa pamoja.

Turudi kwetu, kwenye jambo lililo mikononi mwetu: hasara zenyewe. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kutokana na mvua za El Niño na athari zake. Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likafunika sehemu za mji wa Katesh. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, jambo la nadra, na mawasiliano ya barabara ya kusini yakakatika. Mpima vihatarishi anayetazama rekodi za miaka 30 iliyopita hataona humo yanayokuja. Asipoweza kuyapima, atafanya moja kati ya mawili: atapandisha bei kwa wote ili ajihami, au atayaondoa mafuriko katika mkataba kwa kifungu kidogo ambacho mnunuzi hatakisoma.

Hapo ndipo serikali inapohusika, si kama polisi wa bima bali kama mzalishaji wa hatari. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na maji yameifuata mara kwa mara. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Bima ya moto ya kawaida mara nyingi haigusi jengo lililoanguka kwa ubovu wa ujenzi. Mpangaji aliyelipa ada yake kwa uaminifu angeweza kujikuta hana fidia, kwa kosa la mtu mwingine ambalo mkaguzi wa umma alipaswa kulikamata. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni ya bima huhesabu nyufa, na zile zisizozibwa na halmashauri huziweka katika ankara ya mfanyabiashara.

Lipo pia jambo linalowaumiza wadogo kimyakimya: kanuni ya uwiano. Chukua muuza vitenge mwenye mzigo wa shilingi milioni 80, ambaye kwa kubana matumizi ameukatia bima ya milioni 40. Moto ukila mzigo wa milioni 20, hatalipwa milioni 20. Kwa kuwa alikata bima ya nusu ya thamani, atalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 10, kabla ya makato mengine. Bei za bidhaa zinapopanda na thamani iliyoandikwa katika mkataba ikabaki ya miaka mitatu iliyopita, maelfu ya watu huangukia katika hali hiyo bila kujua. Ndipo linapozaliwa neno tunalolisikia kila siku, kwamba bima ni wizi. Sheria ya kulazimisha isiyoambatana na elimu ya jambo hili itaongeza wateja na kupunguza imani kwa wakati mmoja.

Nini kifanyike? Kwanza, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iweke hadharani takwimu za madai ya mali kwa kata, kwa aina ya jengo na kwa chanzo cha hasara, bila majina ya wateja. Soko lisilo na takwimu zake hutumia bei za kukisia au za kuazima. Pili, zitumike ramani tulizonazo. Kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi katika mradi wa Ramani Huria kuchora mitaa inayofurika ya jiji. Kazi ile ilipaswa kuwa juu ya meza ya kila anayetoa kibali cha ujenzi na kila anayepanga ada ya bima. Tatu, anayepunguza hatari apunguziwe ada kwa kanuni iliyoandikwa: soko lenye njia za kutokea, nyaya za umeme zilizokaguliwa na maji ya kuzimia moto lisilipe sawa na lisilonavyo. Leo dereva mzembe na dereva makini hulipa bei ileile kwa bima ya gari ya mtu wa tatu. Tusilihamishie kosa hilo sokoni. Nne, KODI hiyo ya ongezeko la thamani iondolewe katika bima ya mali kwa wafanyabiashara wadogo.

Nitaambiwa kwamba haya yana gharama, na kwamba hazina ina mahitaji mengi. Ni kweli. Lakini gharama ya kutofanya tayari inalipwa. Inalipwa na mwanamke aliyekopa mtaji katika kikoba, ukaungua, naye akabaki na deni. Inalipwa na halmashauri inayojenga kalvati lilelile baada ya kila masika. Tofauti ni kwamba malipo hayo hayaonekani katika kitabu chochote cha bajeti, na kwa hiyo hakuna anayeulizwa.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya, swali ni hili: ukiidhinisha kibali cha jengo au ukikiacha kipenyo cha mfereji kama kilivyo, nani atalipa, na kwa ankara ipi? Kwa mwanaharakati, dai la haki katika bima lisiishie kwenye fidia iliyocheleweshwa. Lianzie kwenye ukaguzi ambao haukufanyika. Bunge lilipoilazimisha jamii kununua kinga, liliingia nayo mkataba. Upande wa mwananchi wa mkataba huo unasimamiwa kwa adhabu. Upande wa serikali hadi sasa hauna anayeusimamia, na huo ndio upande unaopanga bei.